Tuambieni Mapema: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Damu na Dawa Zake

Kwa mawaziri wa afya, wakuu wa huduma za damu, mamlaka za dawa, na wote wanaotengeneza dawa kutokana na damu ya binadamu.

Waheshimiwa,

Mimi ni dada wa mtu mmoja mwenye hemofilia, ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda ipasavyo, na mama wa mwingine. Wa kwanza alikufa kwa UKIMWI. Wa pili yu hai na mzima, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa na kazi moja nyumbani niliyoipenda kuliko zote. Kaka yangu akivimba goti, mama alitoa kwenye friji chupa mbili ndogo, moja ya maji na moja ya unga mweupe. Kaka alizishika viganjani mpaka ubaridi utoke. Maji yakishaingizwa kwenye unga, mama alirudia maneno yaleyale kila mara: usitikise, zungusha. Ukitikisa panajaa povu. Alipokwisha kupata mshipa na kusukuma dawa taratibu, chupa tupu ilikuwa yangu. Nilibandua lebo yenye namba ya toleo, nikaibandika kwenye daftari, na mama akaandika pembeni tarehe na mahali palipovuja: goti la kulia, kiwiko, goti la kulia tena. Nilijivunia kuzibandika zikae sawasawa.

Kati ya lebo zile kuna moja, au kadhaa, iliyotoka kwenye chupa yenye virusi. Mpaka leo sijui ni ipi.

Wataalamu mnaijua habari hii, lakini barua ya wazi inasomwa na wengi, kwa hiyo niieleze kidogo. Fakta ni protini za damu zinazoifanya igande. Mwenye hemofilia A amepungukiwa fakta ya nane, mwenye hemofilia B amepungukiwa fakta ya tisa, na bila hizo damu haigandi ipasavyo. Wengi hudhani hatari yake ni kukatwa na wembe. Mateso makubwa yako ndani: damu inajaa kwenye goti au kifundo cha mguu hata bila mtu kuanguka, kiungo kinapata moto, kinakaza, na kikivuja mara kwa mara kinaharibika moja kwa moja. Katikati ya miaka ya 1960 mtafiti wa Marekani, Judith Pool, aligundua kwamba plazma, yaani maji ya damu, iliyogandishwa kwa baridi ikiyeyushwa polepole huacha mashapo yenye fakta ya nane kwa wingi. Hayo mashapo ndiyo krayo. Muda si mrefu viwanda vikatoa unga unaoweza kukaa kwenye friji ya nyumbani, na watoto waliozoea vitanda vya hospitali wakaanza kwenda shule kama wenzao. Siutukani ule unga. Ulimwezesha kaka yangu kutembea.

Tatizo ni kwamba krayo ilitoka kwa wachangiaji wachache, na unga ulitoka kwa maelfu. Plazma ya watu 20,000 na hata zaidi ilichanganywa pamoja kupata toleo moja. Mmoja wao akiwa na virusi, toleo zima limechafuka. Sehemu kubwa ya plazma hiyo ilikusanywa Marekani kutoka kwa watu waliolipwa, wafungwa wakiwemo, na unga wake ukauzwa nchi nyingi. Homa ya ini ilikuwa imeshaonyesha jinsi mlango huo ulivyo wazi, kwa maana karibu kila aliyeutumia unga mara kwa mara aliipata. Ikachukuliwa kuwa ndiyo nauli ya kutibiwa.

Kisha ukaja UKIMWI.

Tarehe 16 Julai 1982 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilitangaza habari za wagonjwa watatu wa hemofilia A waliopata nimonia adimu inayowashika watu walioishiwa kinga ya mwili. Januari 1983 taasisi hiyo iliwaita Atlanta watu wa benki za damu, watengenezaji wa dawa, madaktari na wawakilishi wa wagonjwa. Waliondoka bila kukubaliana. Walioshikilia kusubiri walisema ushahidi haujatosha, wagonjwa bado ni wachache. Nimelisoma neno hilo, wachache, mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Ugonjwa unapokaa mwilini miaka mingi kabla ya kujitokeza, wagonjwa watatu wa leo ni moshi wa moto uliowashwa zamani. Damu iliyokuwa imehifadhiwa kwenye majokofu ilikuja kupimwa baadaye, ikaonekana kwamba wengi waliambukizwa katika miezi ileile ya kubishana.

Oktoba 1984 ilikuwa imeshajulikana kwamba joto linaua virusi hivi ndani ya unga. Machi 1985 kipimo cha kwanza cha kukagua damu kiliruhusiwa Marekani. Hapo ndipo mtu angetegemea mambo yaishe. Ufaransa, kituo cha taifa cha kuongezea damu kilijua Mei 1985 kwamba akiba yake ya unga imechafuka, na kiliendelea kuusambaza mpaka Oktoba mwaka huohuo. Mkurugenzi wake alihukumiwa kifungo cha miaka 4 mwaka 1992. Japani unga usiopashwa joto uliendelea kutumika hata baada ya ule wa joto kuruhusiwa, na ilikuwa Februari 1996 ndipo waziri wa afya, Naoto Kan, alipowaomba radhi waathirika. Marekani karibu nusu ya watu wote wenye hemofilia waliambukizwa. Uingereza waliambukizwa kama 1,250, na karibu 380 kati yao walikuwa watoto.

Habari ya Uingereza nitakaa nayo kidogo, maana ndiyo iliyoandikwa kwa ukamilifu zaidi, na iliandikwa jana tu tukilinganisha na umri wa kosa lenyewe. Tume iliyoongozwa na Sir Brian Langstaff ilitoa ripoti yake tarehe 20 Mei 2024, zaidi ya miaka 40 baada ya onyo la kwanza. Ilisema wazi kwamba maafa yale hayakuwa ajali. Ilisema ukweli ulifichwa na kwamba nyaraka ziliharibiwa. Inasimulia shule moja ya bweni ya watoto wenye ulemavu, ambayo ilikuwa na kliniki ya hemofilia ndani ya eneo lake. Kati ya mwaka 1970 na 1987 walisoma pale watoto 122 wenye hemofilia. Waliokuwa hai ripoti ilipotoka ni kama 30. Na inasimulia jambo ambalo familia yangu ililijua bila kusubiri ripoti: watu walipimwa VVU bila kuambiwa, majibu yakakaa ndani ya mafaili, nao wakaendelea kuishi kama wasio na habari, kwa kuwa hawakuwa na habari.

Damu ya kaka ilipimwa mwaka 1985. Aliambiwa mwaka 1987. Aliambiwa ukumbini, amesimama na mkongojo wake, na daktari aliyekuwa na haraka. Kwenye faili majibu yalikuwa yamewekwa tarehe ya miaka miwili nyuma. Katikati ya tarehe hizo mbili alikuwa ameoa. Mkewe alipimwa wiki ileile na akakutwa salama. Wake wengi wa wenzake hawakuwa na bahati hiyo. Sitaitaja hospitali, kwa sababu sitaki mtu yeyote kati yenu aseme kwamba hilo ni la wale, si letu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Sisi yalitukuta kinyume. Maradhi yalifichwa na ofisi, na aliyeumbuliwa ni mgonjwa: aliyefukuzwa kazi, aliyehamwa na majirani, mtoto aliyezuiwa kuingia darasani. Ryan White wa Kokomo, Indiana, aligunduliwa Desemba 1984 akiwa na miaka 13, shule ikamkatalia, akapigania haki ya kukaa kwenye dawati lake, na akafa Aprili 1990 akiwa na miaka 18. Frank Schnabel, aliyelianzisha shirikisho la dunia la hemofilia mwaka 1963 na mwenyewe ana hemofilia, alikufa kwa UKIMWI mwaka 1987.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, nalo ni moja. UKIMWI kwa wenye hemofilia ulikwenda polepole, na upole ule wa mwendo ulikuwa nafasi. Waliokalia viti vyenu kabla yenu waliitumia nafasi hiyo kunyamaza.

Angalieni jinsi ulivyokwenda. Aliyeambukizwa hakuonyesha kitu miaka mingi, mara nyingi minane au kumi. Walioambukizwa utotoni walichelewa kuugua kuliko waliokuwa wameshakomaa, na waliokuwa wazee waliwahi kuliko wote. Umri ulionekana mapema kuwa ndio unaoamua kasi. Kaka aliyaona mabaka meupe ya fangasi mdomoni mwaka 1990. Kabla ya hapo, kwa miaka karibu saba, alikuwa na nguvu za kutengeneza redio na kubishana juu ya mpira. Halafu chembe sahani zikaanza kushuka, zile ambazo kazi yake ni kuwahi tundu la mshipa na kuliziba. Nani kati yenu amewahi kufikiria maana yake? Mtu ambaye fakta haipo tangu kuzaliwa, sasa na chembe sahani zinamtoka. Fizi zilivuja mpaka mto ukawa na madoa kila asubuhi. Goti likivimba hatukujua tena kama ni damu au ni usaha, na mara moja lilikuwa usaha. Nimonia ilimjia mwaka 1992, ileile ya wale wagonjwa watatu wa mwanzo. Saratani ya ngozi ya Kaposi, iliyowatesa wagonjwa wengine wengi wa UKIMWI, kwa wenye hemofilia ilikuwa nadra. Ini lake ndilo lililomsaliti, maana alikuwa na homa ya ini C pia kama karibu wote wa rika lake, na VVU huharakisha homa hiyo kuliharibu ini. Alikufa mwaka 1993. Dawa za mseto zilizobadilisha kila kitu zilifika mwaka 1996.

Nahesabu sana miaka hiyo mitatu. Mama hakupenda nihesabu.

Kuna hesabu nyingine ambayo ningeomba mwibandike ukutani ofisini. Watafiti wa Uingereza waliwafuatilia watu wenye hemofilia wa nchi nzima. Kati ya mwaka 1977 na 1984, katika kila watu 1,000 wenye hemofilia kali walikufa 8 kwa mwaka. Baada ya hapo, wale wasioambukizwa waliendelea kufa 8 kwa mwaka, vilevile. Walioambukizwa walifika 81 kwa mwaka kufikia 1991 na 1992. Ugonjwa wa kurithi ni uleule, unga wa fakta ni uleule, madaktari walewale. Walikuwepo watu waliodai kwamba VVU haviui, kwamba kinachoua ni fakta yenyewe au hemofilia yenyewe, na wapo wanaodai hivyo mpaka leo. Wapeni hesabu hiyo.

Nami nawapa ninyi upande wake wa pili. Wanane kuwa 81 hakutokei usiku mmoja. Kila mwezi ndani ya miaka ile mtu fulani alikuwa na faili mkononi na angeweza kusema: tunashuku, hatuna hakika, haya ndiyo tunayoyajua leo, chagua. Kaka angechagua. Kwa goti dogo angetumia barafu na bandeji, angelala, angerudi kwenye krayo. Wapo madaktari waliowarudisha wagonjwa wao kwenye krayo mwaka 1983, na wapo waliowaambia ukweli. Wagonjwa wao hawakupagawa. Hofu kwamba mgonjwa akiambiwa mashaka ataacha dawa na kufa kwa kuvuja damu ilisemwa kwa nia njema na wengine, naamini hivyo. Lakini aliyezoea tangu utotoni kupima kati ya maumivu na sindano anaweza kupima na hili.

Mtasema hayo ni ya zamani. Dawa za leo nazijua, nimemchoma nazo mwanangu. Kuna joto, kuna dawa zinazoyeyusha ganda la virusi, kuna vipimo vinavyotafuta vinasaba vya virusi vyenyewe. Tangu mwaka 1992 kuna fakta ya nane inayotengenezwa maabara badala ya kutolewa kwenye plazma ya wachangiaji. Tangu 2017 kuna emicizumab, sindano ya chini ya ngozi ambayo imewapa watoto utoto ambao kaka yangu aliuona dirishani. Nashukuru kwa kila tone.

Lakini katika nchi nyingi mtoto mwenye hemofilia bado anatibiwa kwa krayo isiyopitishwa kwenye njia yoyote ya kuua virusi, au kwa plazma nzima, kwa sababu ndicho kilichopo. Damu ikipimwa vizuri hatari ya chupa moja ni ndogo sana. Ila mwenye hemofilia haongezewi mara moja. Mwaka 1999 watafiti walikokotoa hatari ya mtu anayepewa krayo kila mwezi kwa maisha ya miaka 60: kwa hali ya damu ya Marekani wakati ule, uwezekano wa kukutana na VVU ulikuwa asilimia 2, kwa Venezuela, asilimia 40. Vipimo vimeboreka tangu hapo, lakini bado kuna zile siku za mwanzo ambazo mchangiaji ameshaambukizwa na kipimo hakimwoni. Tone moja ni dogo, lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni mwili wa mtoto.

Basi ninachoomba ni hiki. Krayo inapotolewa, mzazi aambiwe kwa lugha anayoielewa imetoka kwa wachangiaji wangapi, damu imepimwa kwa kipimo gani, na kipimo hicho hakioni nini. Aambiwe kabla ya sindano. Pale penye njia ya kuua virusi ndani ya krayo, na njia hizo zipo, isiachwe kwa sababu tu wanaoitumia ni wachache. Wachache, tena neno lile! Mtoto apimwe VVU na homa ya ini kwa vipindi, mzazi akijua anapimwa nini, na majibu yatoke siku yanapopatikana. Kukiwa na fununu juu ya toleo fulani, toleo lisimamishwe na watu wapigiwe simu siku hiyohiyo, hata kama baadaye itaonekana fununu haikuwa na msingi. Mimi ningependelea kupigiwa simu kumi za bure kuliko kukosa moja. Na namba za matoleo zihifadhiwe maisha yote ya mgonjwa, zisichomwe kwa kisingizio cha kukosa nafasi kwenye kabati.

Kuna na wale waliosalia. Watu huzungumza kana kwamba wote walikufa. Hawakufa wote, wapo wanaoishi na VVU tangu mwanzo wa miaka ya 1980, sasa wana mvi, magoti yamekaza kama mti, na ini lina makovu hata baada ya homa ya ini C kupona kwa vidonge vya siku hizi. Ini lenye makovu linaweza kuota saratani miaka baada ya virusi kuondoka, kwa hiyo wanahitaji kupimwa mara kwa mara. Wengi wao huenda kliniki ya VVU jengo moja na kliniki ya hemofilia jengo jingine, na majengo hayo hayazungumzi. Nitatoa mfano mmoja. Sindano mpya za VVU za kila mwezi au kila miezi miwili ni habari njema sana kwa waliochoka vidonge, lakini huchomwa kwenye msuli wa tako. Mwenye hemofilia kali akichomwa msuli bila kupewa fakta kwanza anaweza kuvuja ndani ya paja mpaka ashindwe kusimama. Mtaalamu wa VVU anaweza asilifikirie hilo. Mwaka 1996 ilitokea kitu cha namna hiyo: baadhi ya wenye hemofilia walipoanza dawa mpya za VVU za kundi la vizuizi vya protisi walianza kuvuja damu kuliko kawaida yao, na ilibidi onyo litolewe. Wawekeni madaktari hao meza moja. Haihitaji jengo jipya.

Mwanangu sasa ni mkubwa, anajichoma mwenyewe. Juzi aliniuliza kwa nini nimekuwa nikibandua lebo za dawa zake miaka yote hii wakati kuna programu ya simu inayopiga picha namba ya toleo. Nilimletea daftari la bibi yake. Gundi ya lebo za zamani imekauka, nyingine zinadondoka ukifungua ukurasa, na mwandiko wa mama umeanza kufifia, ila namba bado zinasomeka. Alikaa nalo mpaka usiku, akazipiga picha zote moja baada ya nyingine.

Katika nchi kadhaa wapo wanaojua ni matoleo gani yalirudishwa, lini, na nani aliarifiwa. Nawaomba mzifungue orodha hizo kwa familia. Za kaka yangu ni lebo 214, kuanzia Machi 1979 mpaka Novemba 1985. Mkiniita nitakuja na daftari lenyewe, na kijana wangu atakuja nami.

Ni mimi,
dada na mama